Ufagio na Kilomita Elfu Kumi na Moja

Kutoka Entebbe mpaka Toronto ni kilomita elfu kumi na moja na mia saba na ushee. Najua hivyo kwa sababu zimeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa jiko letu, kwa mkono wa baba, na ole wake atakayezifuta. Juu yake kuna Gulu, kuna Arua, kuna Moroto, kuna Kabale, kila mji na kilomita zake kutoka Kampala, utadhani kila anayekwenda Moroto hupitia jikoni kwetu kwanza kuuliza.

Baba alikuwa dereva wa polisi miaka thelathini na miwili. Yeye ni mtu wa West Nile, mama ni Mnubi wa Bombo. Mmoja huenda kanisani, mwingine husali msikitini, na walipokutana katika kambi ya polisi lugha pekee waliyokuwa nayo wote wawili ilikuwa Kiswahili. Hapa Kampala watu wakisikia Kiswahili hufikiri wanaibiwa au wanakamatwa. Kwetu ndiyo lugha ya chai, ya ugomvi na ya mapenzi. Baba anasema alimtongoza mama kwa maneno kumi na mawili tu, maana ndiyo aliyokuwa nayo, na mama anasema saba kati ya hayo yalikuwa ya kuamrisha wafungwa.

Sasa, kwetu mtu akisafiri nyumba haifagiliwi mpaka afike. Ni mila ya mama, aliipata kwa bibi yake: ukifagia nyuma ya msafiri umefagia nyayo zake, na nyayo zikipotea atafuata nini? Usiniulize mimi. Nilizaliwa nikaikuta, na nimeichukia tangu siku niliyoweza kushika ufagio, kwa sababu mimi uchafu siuwezi. Nikiona ganda la ndizi sakafuni mkono unaniwasha.

Kwa hiyo utotoni, kambini, umbali tuliujua kwa takataka. Jinja ilikuwa makombo ya mlo mmoja. Gulu ilikuwa vumbi la siku nzima. Na Moroto, wacha Moroto! Moroto ilikuwa siku tatu za majivu na maganda ya mihogo, mimi na dada yangu tukitembea kwa visigino, mpaka askari wa chumba cha redio apite dirishani aseme, "Mama, mzee amefika salama." Hapo mama angeurukia ufagio, na vumbi lingetoka mlangoni sote tukikohoa kwa furaha.

Baba alikuwa akimcheka. Yeye alikuwa na kitabu cha gari. Gari lilipotoka kituoni aliandika saa na kilomita, na mstari ule haukufungwa Gulu wala Moroto. Ulifungwa gari liliporudi kituoni, saa na kilomita zikaandikwa tena, afande akatia sahihi. "Kufika ni nusu," alikuwa akimwambia mama. "Wewe unafagia katikati ya safari." Mama alimjibu kwamba nyumba ni yake, na kama anataka kufagiliwa kwa kitabu akaoe kituo cha polisi.

Baba alipostaafu, yeye na mama walihamia nyuma ya soko la Kalerwe. Dada yangu alikuwa ameshaolewa na kwenda Toronto. Mimi nilirudi kukaa na wazazi baada ya ndoa yangu kufika mwisho wake, ambao si wa hadithi hii, na kila asubuhi naenda Owino kuuza nguo za mitumba za watoto. Baba, kwa vile hakuwa tena na mkubwa wa kumpigia saluti, alimpandisha mama cheo akawa anamwita Afande. Mimi nikawa Koplo. Nimekaa Koplo miaka saba bila kupandishwa.

Basi dada akapata mimba, ya kwanza, baada ya kungoja sana. Alilia kwenye simu akasema hawezi kuzaa peke yake kwenye theluji, anamtaka mama. Miezi mitatu tu, amkande, ampikie uji, amwogeshe mtoto. Tukafurahi mpaka jirani akaja kuuliza nani kashinda nini. Lakini siku moja, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa mezani, dada akasema, "Na Mama akija si lazima akimbilie kurudi. Huku kuna hospitali nzuri, magoti yake yataangaliwa. Nitamfanyia makaratasi akae kabisa."

Mama alicheka, akasema tutaona. Baba aliinuka na kikombe chake, akaenda kusimama uani, chai yake nusu. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyelitamka: mama akienda, atarudi? Walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo baba ndiye aliyekuwa mtu wa kuondoka.

Nilifanya lililo langu, nikachimba marobota yote ya Owino kutafuta koti la mtoto mchanga la baridi. Nikapata moja zuri, la bluu, nene, na ndani ya kola kibandiko cha duka la Toronto. Banange! Nilimpelekea mama mbio mbio. Koti limetoka Kanada likaja na meli mpaka Mombasa, likapanda lori mpaka Kampala, na sasa linapanda ndege. Mama aliligeuza geuza akasema, "Basi linarudi kwao. Hata nguo inajua kwao." Nilimtazama baba. Alikuwa anasoma tiketi ya ndege, kwa mara ya nne nadhani, miwani imeshuka puani.

Yeye kazi yake ilikuwa hesabu. Ndege inatoka Entebbe saa kumi na moja na nusu jioni, inapumzika Addis, inaingia Toronto saa moja na nusu asubuhi. Akaandika mlangoni: masaa kumi na manne. Akagawa kilomita kwa masaa, akapata mia nane thelathini na kitu kwa saa, akatikisa kichwa kwa heshima. "Dereva wa hiyo kitu hana mchezo," akasema. Mimi nilikuwa nakunja nguo, sikutazama hesabu yake. Nani atakagua hesabu ya mtu ambaye hajawahi kukosea hata kilomita moja?

Siku yenyewe, mama alikataa kukaa bure. Ulikuwa msimu wa nsenene, soko lote linanuka panzi wa kukaanga, na yeye alikuwa chumbani kwao, kwenye mkeka, anamenya karanga za kumpelekea dada. Gari la kukodi likapiga honi. Mama akaangalia maganda yaliyomzunguka akasema, "Ngojeni nifagie."

"Hapana gusa," baba akasema. "Gari imefika."

Mama akavua ndala zake za nyumbani pale pale katikati ya maganda, akavaa viatu vya safari. Njiani baba alikaa mbele akamsahihisha dereva kila kona mpaka Entebbe, mpaka yule kijana wa watu akaanza kumwita mwalimu. Mlangoni mwa uwanja baba alisimama wima akampigia mama saluti, na mama, mbele ya umati wote ule, akairudisha, begi lake la karanga mkononi. Mimi nililia bila aibu. Baba alikuwa na macho makavu, lakini kurudi Kampala hakumsahihisha dereva hata mara moja, na dereva akakosa njia mara mbili.

Asubuhi yake nilikuwa nimeshafungua kibanda Owino simu ikaita. Baba. Ilikuwa saa mbili kasoro. "Koplo, Afande hajaripoti." Nikamwambia atulie. Saa mbili akaita tena. Saa mbili na robo akaita, na sauti yake ilikuwa ya mtu nisiyemjua: "Nimempigia dada yako. Anasema kwao ni usiku. Ndege itaingiaje asubuhi kama kwao ni usiku? Wamempeleka wapi mama yenu?"

Lo! Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi masaa ya Toronto nayajua vizuri, kila nikimpigia dada asubuhi ananitukana kwa usingizi. Ila kumbe hakuna aliyemwambia baba. Nilifunga kibanda, nikapanda boda mpaka Kalerwe, nikamkuta jikoni amesimama mbele ya mlango, chaki mkononi, chapati zangu nilizomwachia hajazigusa.

"Baba, wale wako nyuma yetu masaa manane. Asubuhi yao ni mchana wetu."

"Nyuma? Kanada iko nyuma yetu?"

"Kwa saa, Baba. Jua linafika kwetu kwanza."

Alifikiri sana. "Kwa hiyo Afande bado yuko juu."

"Bado yuko juu. Anakula, analala. Atatua saa tisa na nusu ya kwetu."

Baba akageukia mlango. Kwa kiganja alifuta kumi na nne, polepole. Akaandika ishirini na mbili. Maisha yangu yote sikuwa nimemwona akifuta namba. Nilimpashia chai moto tukakaa pamoja kungoja yale masaa yaliyokuwa yamepotea, na kwa mara ya kwanza aliniambia kwamba zamani, akiwa Moroto, usiku alikuwa anafikiria uchafu wa nyumba yetu ndipo anapata usingizi. "Nilikuwa najua kuna mtu amekaa ndani ya takataka kwa ajili yangu," akasema. Halafu akala chapati tatu.

Saa kumi na moja kasorobo dada alituma picha: mama ndani ya koti kubwa, kofia mpaka kwenye nyusi, anacheka meno yote nje. Nikaruka! Nikaudaka ufagio, nikafagia sebule, nikafagia jiko, nikafagia uani mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Nilipofika mlangoni mwa chumba chao baba alikuwa amesimama hapo.

"Hiki acha."

"Lakini amefika, Baba."

"Hiki acha, Koplo. Ni amri."

Nikanuna siku mbili. Nikadhani anaona haya, mwanamume na chumba chake, basi nikamwachia. Nguo zake chafu alizileta mwenyewe nje, shuka akabadilisha mwenyewe, na mlango ukafungwa.

Mtoto alizaliwa baada ya wiki mbili, msichana, mkubwa, na sauti ya kupangia gwaride. Lile koti la bluu lilimtosha kana kwamba alipimwa. Mama akawa malkia wa Toronto. Kila jioni yetu alitupigia simu ya video: leo ameona theluji, leo amepanda treni inayopita chini ya ardhi, leo daktari ameangalia magoti na kumpa dawa, maumivu yamepungua. Alikuwa amenawiri. Nilimfurahia kweli kweli, na nilikuwa na wivu, na nilikuwa na hofu, vyote kwa pamoja. Tarehe ya kurudi ikawa inakaribia na dada akawa anaizungumzia kidogo kidogo, kwamba inaweza kusogezwa, kwamba makaratasi ameyachukua, ni kujaza tu.

"Ni sawa," baba alikuwa akisema. "Huko kuna dawa." Akikata simu anakwenda kuangalia mlango wa jiko. Alipungua, suruali zake nikazikaza kiunoni kwa cherehani.

Wiki ya kumi na moja mama alipiga simu mchana. Alikuwa anamfundisha dada kusuka kawa za kufunikia chakula, zile za rangi rangi, na alikuwa amesahau mpangilio wa rangi alioanza nao kwenye ile aliyoiacha nusu. "Iko chumbani kwetu, imening'inia msumarini. Nionyeshe, mwanangu." Baba alikuwa uani. Nikasukuma mlango, nikaingia na simu mkononi.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa kikambi, ukirusha shilingi inadunda. Suruali zimepigwa pasi. Kawa iko msumarini. Na sakafuni, jamani, sakafuni yalikuwa maganda ya karanga, yale yale, yamefunikwa na vumbi la wiki kumi na moja, na ndala za mama katikati, moja imelala ubavu kama alivyoivua. Kutoka mlangoni mpaka kitandani kulikuwa na njia nyembamba, ya kupitisha mguu mmoja mmoja, mahali baba alipokuwa akipita bila kukanyaga ganda hata moja.

"Shusha simu," mama akasema. "Ni nini hicho chini?"

Nikashusha.

"Hizo si karanga zangu?"

Baba alikuwa ameshafika nyuma yangu, kikombe mkononi. Mama akamwona kwenye kioo cha simu akaanza kufoka. "Baba watoto! Miezi yote hii hujafagia? Unangoja panya wakule vidole?"

"Hujafika," baba akasema.

"Sijafika? Nilifika tangu nsenene! Mtoto amezaliwa, sasa anacheka!"

"Umefika kwa binti yako. Kwangu bado uko njiani." Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuomba chumvi. "Mimi nafunga kitabu gari ikirudi."

Uso wa dada ukaingia kwenye simu, na yeye alikuwa anatazama chini, kwenye maganda. Dada yangu amelelewa na ufagio ule ule, hakuhitaji kufafanuliwa. "Baba," akasema, "si ungesema tu kwamba hutaki akae?"

"Nimekataa lini? Huko kuna dawa ya magoti. Akitaka kukaa, akae." Akanywa chai. "Mimi tu sifagii."

Basi mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kitanda, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa nepi safi ya mtoto. "Mzee huyu," alikuwa akisema, "mzee huyu, bambi, maskini wee." Halafu akamgeukia dada akasema polepole, "Mama yangu, hayo makaratasi yarudishe. Daktari aandike jina la dawa, tutaitafuta Kampala. Tarehe yangu isiguswe." Dada akalia, akasema sawa, na kusema kweli nilimhurumia, kwa sababu alikuwa anapoteza kitu na alikuwa anajua kwamba ni haki apoteze.

Safari ya kurudi baba aliipiga hesabu pamoja nami, saa za kwao upande mmoja wa mlango na za kwetu upande wa pili, hata dakika haikupotea. Ndege ilitakiwa kutua Entebbe saa saba mchana. Saa mbili asubuhi alikuwa ameshafika pale, na shati nililolipiga pasi mara mbili kwa amri yake. Mama alitoka akisukuma kitoroli, amenenepa, anatembea vizuri kuliko alivyoondoka. Saluti ikapigwa, ikarudishwa. Kisha baba akamshika mkono, jambo ambalo watu wa umri wao hawalifanyi mbele za watu, wakaenda hivyo mpaka kwenye gari.

Nyumbani nilikuwa nimepika, nimechemsha chai ya maziwa. Mama hakuiangalia. Akajifunga kanga kiunoni, akaingia moja kwa moja chumbani. "Ufagio!"

Nikakimbia, lakini baba alikuwa ameshautoa nyuma ya kabati. Ulikuwa mpya, bado umefungwa kamba ya dukani. Alikuwa ameununua Kalerwe siku ya pili baada ya mama kuondoka, akauficha humo ungoje.

Mama alifagia mara mbili, tatu, goti likakataa. Akakaa kitandani, akanyoosha mguu. "Malizia," akamwambia. Na baba, ambaye miaka yote hiyo sijamwona na ufagio nyumbani, akainama akafagia. Anafagia vibaya, Mungu anisamehe. Alikuwa anarudisha vumbi lilikotoka, maganda yanaruka mpaka chini ya kitanda, na mama anamwelekeza, kulia, kushoto, rudi nyuma, umeacha kona, wewe ulipataje leseni? Mimi nilisimama mlangoni mikono inaniwasha. Nilipopiga hatua moja ndani wote wawili waliniambia nitoke.

Walipomaliza, baba alimwongoza mama jikoni. Akachukua chaki, akaandika saa ya kuingia mbele ya Toronto, na kilomita akazizidisha mara mbili. Akarudi nyuma hatua moja, visigino pamoja, akampa chaki.

"Afande," akasema. "Sahihi."

Mama alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Akachukua chaki, akaandika jina lake lote, herufi moja moja, kama wanavyoandika watu waliojifunza ukubwani. Mwaka huu tumepaka nyumba nzima rangi, nje na ndani. Mlango wa jiko tumeuruka.